Mtego Uliojaa Nzi Ulinidanganya

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mitego yake hujaa nzi wa matunda, ilhali maembe yake bado yanaoza kwa funza, akataka kujua iwapo aongeze mitego. Swali hilo lilinikera kidogo, kwa kuwa ndilo nililowauliza wengine kwa misimu mitatu.

Wakati huo niliwaonyesha wageni mitego yangu kwa majivuno, bila kuelewa kwamba methili eujenoli, kivutio kilichokuwa ndani yake, huwavuta madume tu. Majike waliendelea kutoboa maganda na kutaga, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Nami nilikuwa nikiwafugia watoto: matunda yaliyoanguka niliyaacha shinani, mahali ambapo funza hutoka, hujichimbia sentimita chache udongoni, hugeuka pupa (hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nzi), na baada ya siku 10 hivi huibuka wakiwa nzi kamili.

Ninaloliandika kwa shida ni habari ya kapu la maembe nililompelekea shemeji yangu, ambaye miembe yake haikuwa na nzi hao. Kwa nje yalikuwa mazima, kwani tundu la kutagia ni dogo kama alama ya sindano, nami sikulitafuta. Msimu uliofuata alinipigia simu, na tangu hapo mazungumzo yetu ni ya salamu tu. Nzi huyo wa matunda, Bactrocera dorsalis kwa jina la kisayansi, mwenye asili ya Asia na aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, husafiri mbali akiwa ndani ya tunda kama lile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, okota matunda yaliyoanguka angalau mara mbili kwa juma, uyafunge kabisa katika mifuko myeusi ya plastiki na kuyaacha juani hadi funza wafe, au uyafukie kwa kina cha sentimita 50 au zaidi. Mitego ibaki, lakini ongeza chambo cha protini, ambayo majike huihitaji ili mayai yao yakomae. Anayekuambia kwamba kupulizia dawa kunatosha hajawahi kupasua embe akaona jinsi funza walivyojificha ndani ya nyama yake. Na kabla ya kumpa mtu zawadi ya matunda, safisha kwanza shina la mti wako kwa kuokota yaliyoanguka.

Msimu huu nimechuma maembe safi, wala sioni haya kulisema. Shemeji nilimpelekea mifuko myeusi badala ya kapu. Ameipokea, lakini hajapiga simu.