Vifaa vya chumbani vimepungua, ada imepanda

Ndugu, unasema kwenye hoteli ya mapumziko ambayo wamiliki wengi mnaigawana, kila mmoja akiwa na wiki yake ya kukaa, kahawa sasa ni pakiti mbili tu, sabuni ya vyombo haifiki siku ya pili, na taulo hazibadilishwi mpaka uondoke, huku ada ya matunzo ikipanda. Unauliza kama unalalamika bure. Hapana.

Wewe si mgeni wa kawaida. Mgeni akiudhika huhamia kwingine. Wewe umefungwa na mkataba, na ada unalipa hata usipokwenda. Basi usigombane na wa mapokezi, maana hakuamua yeye. Andikia bodi ya chama cha wamiliki, uombe bajeti ya mwaka huu na ya mwaka jana, uangalie fungu la usafi na vifaa vya vyumbani. Kama limeshuka, uliza kwa maandishi fedha zimekwenda wapi: bima, ukarabati, mishahara, au malipo ya kampuni ya uendeshaji? Malipo hayo mara nyingi hukokotolewa kwa asilimia ya bajeti, na hapo ndipo ningekazia macho.

Kama wameondoa pia chupa ndogo za shampuu, hilo liache. Huko California sheria imezikataza kwenye hoteli zenye vyumba zaidi ya 50 tangu 2023, kwa hiyo chupa kubwa ya ukutani si lazima iwe ubahili. Lakini chumba chenye jiko kukosa sabuni ya vyombo? Hiyo idai, na watafute wamiliki wenzako mtie saini barua moja kabla ya mkutano mkuu.