Kulaza kiti kwenye ndege ya Kisumu kwenda Nairobi

Dada, unauliza kama yule kaka wa nyuma alikuwa na haki ya kukugombeza ulipolaza kiti mkitoka Kisumu kwenda Nairobi. Kitufe ni chako, hilo halina ubishi. Lakini safari yenyewe haifiki saa moja, na wakati wa kupaa na kutua viti vyote lazima visimame wima. Usingizi utaupatia wapi hapo? Mhurumie mwenzako na magoti yake. Ukiunganisha ndege ya usiku kwenda London, laza bila wasiwasi, ila geuka kwanza utazame kama ana chai ya moto mezani, kisha ushushe polepole. Chakula kikiletwa, inua kiti hata kabla hujaombwa. Naye angeomba tu kwa upole. Kelele zote zile za nini?