Jibu: Nimekataliwa programu za utafiti Marekani, tatizo ni GPA?

Habari mdogo wangu. Unasema uko mwaka wa pili wa baolojia, umeomba programu za utafiti za kiangazi Marekani ukiwa hapo Mtwara, zote zimekukataa, na sasa unailaumu GPA.

Kabla ya GPA, angalia kipengele cha uraia. Programu nyingi za kule zinalipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, na fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu. Hata ungekuwa na A tupu, jibu lingekuwa lilelile. Tafuta zinazopokea watu wa nchi zote, kama OIST, chuo cha utafiti cha Okinawa, Japani. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, nacho kinapokea, ila ni ya fizikia, kompyuta na uhandisi.

Halafu barua ya maombi. "Napenda sayansi tangu utotoni" haimwambii msomaji kitu. Mimi nilianza kujibiwa nilipoandika nilichokiona kwa macho: ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ukikausha maua ya mikorosho, na jirani anapuliza salfa ya kuuzuia asubuhi kabla upepo haujaanza. Nikauliza swali moja juu ya hapo, basi.

Na jamani, Naliendele iko mlangoni kwako! TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, wanatafiti korosho pale, na likizo yako inaangukia msimu wa maua. Chukua barua ya utambulisho chuoni, peleka mwenyewe kwa mkono, omba mafunzo kwa vitendo. Ukitoka hapo una mtafiti anayeweza kukuandikia mapendekezo kwa kukufahamu kazini. Mpe mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na tangazo lenyewe na matokeo yako.