Maswali na Majibu: Breka Ikiruka, Usiibadilishe kwa Kubwa

Nyumba ina miaka 45 na taa zote zinawaka. Kwa nini nigharamie nyaya mpya?

Taa huwaka hata kwenye waya uliokwisha. Ganda la mpira la zamani hukauka. Likipindwa kidogo tu linamomonyoka na shaba hubaki uchi ndani ya ukuta. Fundi azime swichi kuu, achomoe vifaa na balbu zote, kisha apime ganda kwa volti 500. Laini ikisoma chini ya megaomu 1 (kipimo cha jinsi ganda linavyozuia umeme), isiwashwe mpaka kasoro ipatikane. Fundi anayetazama soketi kwa macho na kusema "iko sawa" hajapima kitu.

Breka ya soketi inaruka dakika chache baada ya kuwasha birika na hita pamoja. Nimetoa ya ampea 16 nikaweka ya 32. Sasa hairuki. Ni sawa?

Si sawa, na swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Rudisha ya 16 leo hii. Birika la wati 3,000 na hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 22. Waya wa milimita 2.5 za mraba uliopita ndani ya bomba ukutani hubeba takriban 20, na hupungua zaidi ukibanana na nyingine. Breka ipo kulinda waya. Ukiweka ya 32, waya ndio unaogeuka fyuzi, tena karibu na mbao za dari. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne, na pahali pa kwanza kuungua ni kiungo kilicholegea. Hita ivutiwe laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka.

Fyuzi ilikatika, nikafunga kipande cha waya wa kawaida. Kuna shida?

Kiondoe sasa hivi. Waya wa fyuzi ya ampea 5 una unene wa milimita 0.2, hicho ulichofunga hakitakatika kabla nyaya za nyumba hazijaungua.

Friji inanipiga shoti nikiwa peku. Soketi ina matundu mawili. Je, niweke ya matatu?

Tundu la tatu lisilo na waya wa ardhi ni pambo. Na asije mtu akakuunganishia tundu hilo na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme: siku nyutro ikikatika, mwili mzima wa friji utakuwa na volti 230. Bomba la maji nalo usilitegemee, kipande kimoja cha plastiki kinatosha kulikata na ardhi. Chomoa friji, vuta waya wa ardhi hadi kwenye boksi, kisha ongeza RCD, swichi inayokata umeme mkondo ukivuja, ya miliampea 30. Breka ya kawaida haiokoi mtu, kwa kuwa mkondo unaoweza kuua ni mdogo mno kuirusha. RCD ndiyo inayokata, na hakuna hata msomaji mmoja aliyeiulizia. Ukishaiweka, bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara, isiporuka, ibadilishwe.

Soketi imeungua na kuwa kahawia. Nibadilishe soketi peke yake?

Zima swichi kuu kwanza. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa na ganda laini, kisha kaza skrubu barabara. Ukikata na kukata bila kuifikia shaba safi, laini nzima ing'olewe.