Jibu: Recep ni Rajabu?

Salaam ndugu. Umeuliza kama Recep la Kituruki ndilo Rajabu letu, na linatamkwaje. Ndiyo, ni jina lilelile. Kwanza angalia herufi c: tangu alfabeti ya Kilatini ya 1928, Waturuki huandika c kwa sauti ya j ya "jambo", na ch yetu wao huiandika ç. Kwa hiyo tamka "Rejep". "Resep" ni kosa. Ile p ya mwisho inatokana na b ya Kiarabu, kwa sababu Kituruki hakipendi b mwishoni mwa neno. Ikifuatwa na irabu b hurudi: wanaandika Recep'in (ya Recep) lakini wanatamka "Rejebin".

Rajab ni mwezi wa saba wa Hijria, mmoja wa miezi minne mitukufu, na mzizi wake ni kuheshimu. Mara nyingi hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa mwezi huo. Vivyo hivyo Şaban na Ramazan, yaani Shabani na Ramadhani wetu.

Kwenye tafsiri ya hati usibadilishe kuwa Rajabu. Acha Recep kama ilivyo kwenye pasipoti, la sivyo majina hayatalingana.