Mgeni wa Jumapili: Majibu kwa Walioandika

Miaka kumi na mitatu nimesimama zamu ya mlangoni, mimi mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri Dar es Salaam. Maswali mengi ya mwezi huu yanahusu mlango huohuo, basi leo nayajibu kwa pamoja.

Shikamoo mzee. Kwetu mgeni husimamishwa wakati wa matangazo, ataje jina, anakotoka na anakosali. Vijana wanasema tuache, wazee wanasema hiyo ndiyo heshima. Wewe unaonaje? (Morogoro)

Marahaba. Katika hili niko na vijana, na nina sababu.

Jumapili moja ya mvua aliingia kijana, suruali imelowa hadi magotini, akakaa benchi la mwisho karibu na spika. Matangazo yalipofika tukamsimamisha. Akataja jina kwa sauti ya chini. Aliyeshika kipaza sauti akasema, "Hatukusikia, rudia!" Akarudia. "Na unasali wapi?" Kijana akainamia viatu vyake. Tukapiga makofi, kwaya ikamwimbia wimbo wa kukaribisha wageni, tukajiona tumempokea vizuri kabisa. Wakati wa sadaka benchi lile lilikuwa halina mtu, imebaki alama ya maji pale alipokaa. Miezi kadhaa baadaye nikakutana naye kituo cha daladala. Akaniambia, "Mzee, siku ile nilikuwa nimetoka kumzika mama. Nilitaka kukaa tu."

Neno hilo halijanitoka, kwa sababu aliyemwonyesha kwa kidole ili asimame nilikuwa mimi.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanisani tunamkabidhi jembe hata kiti hakijapata joto. Wazee wenu hawana nia mbaya: zamani mgeni alikuja na salamu za usharika wake, pengine na barua ya mchungaji mfukoni, akawa na hamu ya kusimama azifikishe. Wa namna hiyo bado wapo, wapewe nafasi. Msoma matangazo aseme, "Wageni wetu, karibuni sana. Mwenye salamu anyooshe mkono, anayependa kukaa akae kwa amani." Anyamaze kidogo, kisha aendelee. Asizungushe macho kuwatafuta.

Nina miaka 22, nimepangiwa zamu ya mlangoni kwa mara ya kwanza. Nimwambie nini mgeni? (Tanga)

Maneno machache, mwanangu. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, kwa wengine, "Karibu, habari za asubuhi." Salamu ya "Bwana Yesu asifiwe" ni nzuri, ila asiyejua kuitikia utamwacha ameduwaa mbele za watu. Akianza yeye, itikia kwa furaha. Usimuulize kama ameokoka. Muulize angependa kukaa wapi, wala usimvute benchi la mbele. Mwenye mtoto mdogo mwonyeshe choo kilipo kabla hajakaa.

Kinachosahaulika zaidi ni kitabu. Sisi tuliozaliwa humo liturgia, yaani utaratibu wa ibada, tunaitikia bila kuangalia, tunasimama, tunaketi, namba za nyimbo ziko ubaoni. Mgeni anapekua kurasa huku wenzake wameshafika ubeti wa tatu. Mpe kitabu kikiwa kimefunguliwa kwenye liturgia, na kipande cha karatasi kwenye wimbo wa kwanza.

Jambo jingine liko katika Yakobo sura ya 2: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa aketi mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule. Jumapili hii angalia nani anasindikizwa hadi kwenye benchi na nani anaelekezwa kwa mkono tu.

Tunaandika namba za wageni, na katibu huwaingiza kwenye kundi la WhatsApp la usharika siku hiyohiyo. Wawili walijitoa kabla ya jioni. Tumekosea wapi? (Mwanza)

Hapo hapo, kwenye kuwaingiza bila kuwauliza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inahesabu imani ya dini kati ya taarifa nyeti za mtu. Lakini hata bila sheria, fikirini mgeni anayefungua simu usiku akakuta orodha ya ahadi za ujenzi na nani bado hajamaliza yake.

Daftari likae mezani na kalamu, anayetaka aandike. Jumanne apelekewe ujumbe mmoja: tulifurahi kuwa nawe, ukihitaji maombi au kuonana na mchungaji, tupo. Asipojibu, basi. Na jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaa wake, isimtokee nyumbani bila kumwomba nafasi.

Jirani yangu alibaki peke yake benchini sisi tulipopanga mstari kwenda kutoa sadaka. Aliona aibu sana. (Moshi)

Pole kwake. Siku nyingine mpe wa nyuma yako bahasha yako akupelekee, wewe ubaki umekaa naye. Na kule nje kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mnadi asimtaje mgeni wala asimshikishe kuku mkononi. Hilo mwambieni kabla ibada haijaanza.

Nimehamia Dodoma kikazi. Jumapili ya tatu sasa naingia na kutoka, hakuna hata aliyenipa mkono. Je, huko ndiko kutomsumbua mgeni?

Hapana, mwanangu, na imeniuma kusoma hivyo. Paulo aliwaandikia Warumi wakaribishane kama Kristo alivyowakaribisha wao, na Kristo hakumpita mtu kama nguzo. Nilichosema juu ya kumwacha mtu akae kwa amani kinakuja baada ya salamu, si badala yake. Mshike mkono, mwangalie usoni, mwambie karibu, ndipo umwache.

Makanisa ya mjini yenye ibada mbili au tatu yana shida hii: wa ibada ya kwanza wanatoka, wa pili wanaingia, kila mmoja anadhani yule asiyemjua ni wa ibada nyingine. Usikate tamaa. Ulizia jumuiya ya mtaa unaoishi. Inakutana nyumbani kwa mtu, mko wachache, chai ipo, na huko hakuna pa kujificha wala pa kusahaulika.

Niandikie tena unakaa sehemu gani. Mdogo wangu anasali Dodoma. Ukiniruhusu nitamwomba akusubiri pale mlangoni.