Bodi ya kupimia joto la maji kwenye shamba la mwani

Dada yangu wa Paje, nimekufahamu: wataka kifaa kirikodi joto la bahari kila dakika 15, kikae wiki mbili kwa betri, na huna hakika uchukue bodi gani ya kielektroniki: Raspberry Pi, Arduino Uno au ESP32.

Raspberry Pi iwache. Ni kompyuta nzima, inakula betri, na umeme ukikatika ghafla kadi yake ya kumbukumbu huweza kuharibika. Uno nzuri kwa kujifunzia. Mimi ningechukua ESP32: inalala, inaamka, inapima, inaandika kwenye kadi, inalala tena. Ila tazama bodi yenyewe, si chipu tu. Kijitaa chake hunyonya betri hata chipu ikilala.

Joto pima kwa DS18B20, kihisi cha joto, ile ya waya isiyoingia maji, na rizista ya ohm 4,700 kati ya waya wa data na wa umeme. Saa tumia DS3231, chipu ya kuhesabu wakati. Moduli (vibodi) zake nyingi za bei rahisi huichaji betri ya saa hiyo, na betri ya kidonge ya CR2032 haichajiwi, yangu ilivimba. Mwambie fundi aikate saketi hiyo ya kuchaji kwanza.

Chumvi ndiyo adui hasa. Kasha lizamishe tupu kwenye ndoo usiku kucha, ndani utie karatasi kavu tu; ikilowa, kasha linavuja. Na betri ya lithiamu ikishaingia maji ya bahari, usiichaji tena hata ikionekana nzima.